Asiyekuwapo na Lake: Fainali ya Ireland Iliyochezwa New York Mwaka 1947

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Twaitumia methali hii katika ugawaji wa urithi, katika karamu na katika mabaraza, na maana yake haina mafumbo: aliye mbali hahesabiwi, na fungu lake huliwa na waliopo. Lakini katika historia ya mataifa hutokea nyakati ambapo watu huikaidi methali hiyo kwa makusudi. Husema kwamba asiyekuwapo naye ana lake, na kama hawezi kuja kulichukua, hapana budi apelekewe.

Makala haya yanahusu tukio moja la namna hiyo. Tarehe 14 Septemba 1947, fainali ya mashindano ya kandanda ya Kigaeli ya Ireland, ambayo kwa desturi huchezwa katika mji mkuu wa Dublin, ilichezwa New York, Marekani, kiasi cha kilometa 5,000 kutoka nyumbani. Timu zote mbili zilikuwa za Ireland, na kombe lilikuwa la Ireland. Ilikuwa mara ya kwanza, na mpaka leo ndiyo mara ya pekee, kwa fainali hiyo kuchezwa nje ya kisiwa hicho. Msomaji atauliza: kwa nini nchi isiyo tajiri, iliyokuwa imetoka tu katika majira ya baridi kali na theluji nyingi, iliamua kuuvusha bahari mchezo wake ulio mkubwa kuliko yote? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kuanza na mchezo wenyewe.

Mchezo na chama chake

Kandanda ya Kigaeli si kandanda tuijuayo sisi. Wachezaji ni 15 kila upande, na mpira, ambao ni wa mviringo, huchezwa kwa mikono na kwa miguu pia. Mchezaji huweza kuudaka, kuupiga ngumi, kuupiga teke, au kukimbia nao huku akiurusha kutoka mguuni hadi mkononi mwake. Milingoti ya goli hurefuka kwenda juu kupita mwamba. Mpira ukiingia chini ya mwamba ni goli, nalo lahesabiwa pointi 3. Ukipita juu ya mwamba baina ya milingoti, kwa sheria za mwaka 1947 ilikuwa pointi 1. Kwa hiyo matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili, ya kwanza ya magoli na ya pili ya pointi.

Mchezo huu unasimamiwa na Chama cha Michezo cha Kigaeli, kilichoasisiwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja ya mji mdogo wa Thurles. Mwanzilishi wake mkuu alikuwa Michael Cusack, mwalimu wa shule, naye Maurice Davin, mwanariadha mashuhuri wa zama hizo, akawa rais wa kwanza. Wakati huo Ireland yote ilikuwa chini ya Uingereza. Lugha ya Kiairishi ilikuwa ikififia vijijini mwaka hata mwaka, na michezo iliyoheshimiwa ilikuwa ile ya watawala, ambayo mkulima na kibarua hawakukaribishwa kuicheza. Cusack na wenzake waliona kwamba taifa linalocheza michezo ya wengine tu litafika mahali likajiona si taifa. Wakaiokota michezo ya wazee wao, wakaitungia sheria, wakaipanga kwa parokia na kwa kaunti.

Mpango huo ndio siri ya nguvu ya chama. Kijana huchezea parokia yake, na akiwa hodari huchaguliwa kuichezea kaunti yake. Halipwi mshahara. Ni mkulima, mwalimu, askari au karani siku sita za juma, na mchezaji siku ya Jumapili. Kaunti za kisiwa ni 32, zilizogawanyika katika majimbo manne ya kale: Ulster, Munster, Leinster na Connacht. Ireland ilipogawanywa mwaka 1921, kaunti sita za Ulster zikabaki chini ya Uingereza, mpaka ukachorwa juu ya ramani, lakini mashindano haya hayakuutambua. Kaunti za pande zote mbili ziliendelea kukutana uwanjani kama kwamba nchi haikukatwa.

Uwanja wa fainali ni Croke Park, Dublin, ulionunuliwa na chama mwaka 1913. Tarehe 21 Novemba 1920, wakati wa vita vya kudai uhuru, majeshi ya serikali ya Kiingereza yaliingia uwanjani humo katikati ya mchezo wa Dublin na Tipperary, yakawafyatulia watu risasi. Watu 14 walipoteza maisha, mmojawapo akiwa mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan, ambaye jukwaa moja la uwanja huo limepewa jina lake. Tangu siku hiyo uwanja huo haukuwa tena nyasi na milingoti tu machoni pa Waairishi. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana ndilo lililofanya shauri la kuihamisha fainali kuwa zito.

Miaka miwili ya arobaini na saba

Waairishi huukumbuka mwaka 1847 kuwa mwaka mweusi. Njaa kuu ilikuwa imeanza mwaka 1845, ugonjwa wa ukungu ulipoozesha viazi mashambani, navyo viazi vilikuwa karibu chakula cha pekee cha maskini. Nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa nje huku wenyeji wakifa kandokando ya barabara. Kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wamehama. Wengi walikimbilia Marekani, na wako waliofia baharini kabla ya kuiona pwani.

Njaa ilikwisha, lakini uhamaji haukwisha. Uligeuka kuwa desturi, mtoto mmoja akibaki na shamba, wengine wakienda ng'ambo. Mwaka 1841 kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Baada ya miaka mia moja walikuwa wamebaki kama milioni 4 na kidogo. Kaunti ya Cavan peke yake, ambayo tutaitaja sana hapa chini, ilikuwa na watu zaidi ya 240,000 mwaka 1841. Hesabu ya mwaka 1946 iliwakuta kama 70,000 tu.

Chama chenyewe kilikuwa kimeonja uchungu wa Marekani tangu utoto wake. Mwaka 1888 kilipeleka huko kundi la wanariadha na wachezaji ili wakusanye fedha. Fedha hazikupatikana kama ilivyotumainiwa, na baadhi ya vijana hao hawakurudi tena, kwani walipata kazi wakabaki. Mashindano ya mwaka huo hayakumalizika, na ukitazama orodha ya mabingwa utakuta pengo mahali pa mwaka 1888. Mchezo ulipeleka watoto wake ng'ambo, na ng'ambo ikawameza.

Mwaka 1947, basi, ulikuwa mwaka wa 100 tangu mwaka mweusi. Ndipo kasisi mmoja wa Kaunti ya Clare, Kanoni Michael Hamilton, alipolisimamia kwa nguvu pendekezo kwamba fainali ya mwaka huo ichezwe New York, kuwakumbuka waliohama na kuwaheshimu wazao wao. Wapinzani walikuwa wengi, na hoja zao hazikuwa za upuuzi. Walisema kwamba fainali ni mali ya waliobaki nyumbani. Kwamba mkulima aliyeweka akiba mwaka mzima ili aende Dublin siku moja atanyang'anywa siku yake. Kwamba safari ni ya gharama na hatari. Na kwamba Croke Park, palipomwagika damu, hapawezi kubadilishwa na uwanja wa kukodi katika nchi ya watu.

Inasimuliwa kwamba katika mkutano mkuu wa chama wa wakati wa Pasaka ilisomwa barua ya mhamiaji aliyeililia nafasi ya kuiona fainali mara moja kabla hajafa, na kwamba wajumbe walitokwa na machozi. Wako waliodai baadaye kwamba barua hiyo ilitungwa kwa ajili ya kuwalainisha wajumbe. Iwe ilitungwa au haikutungwa, iliwagusa kwa sababu kila mjumbe alikuwa na ndugu ambaye angeweza kuiandika. Suala lilipelekwa mbele ya baraza kuu la chama na likapita kwa tofauti ndogo ya kura. Katibu mkuu, Pádraig Ó Caoimh, akashika kazi ya kufanya matayarisho huko New York.

Majira ya mashindano

Wakati huo mashindano yalikuwa ya mtoano. Kila jimbo lilipata bingwa wake, kisha mabingwa wanne walikutana. Mwaka huo kila kaunti ilijua kwamba tuzo ya kushinda nusu fainali ni safari ya Marekani, nayo kwa kijana wa kijijini wa zama hizo ilikuwa kama safari ya mwezini. Alikuwa amewaona wengi wakienda huko, lakini waliorudi walihesabika kwa vidole.

Katika Munster, Kerry waliishinda Cork. Kerry walikuwa mabingwa watetezi, na kufikia mwaka 1946 walikuwa wamelitwaa taji hilo mara 16. Katika Ulster, Cavan waliishinda Antrim, iliyokuwa imewatoa mwaka uliotangulia. Katika nusu fainali Kerry waliwashinda Meath, nao Cavan wakawashinda Roscommon. Cavan walikuwa wametwaa taji mara mbili tu, mwaka 1933 na 1935, na tangu hapo walikuwa wamefika fainali mwaka 1937, 1943 na 1945 wakashindwa zote. Hivyo zilikutana kaunti iliyozoea kushinda na kaunti iliyochoka kushindwa.

Baadhi ya wachezaji walisafiri kwa meli, siku kadhaa baharini, kwa njia ile ile waliyopita babu zao. Wengine walikwenda kwa ndege, safari iliyozidi saa 24 pamoja na vituo vya kutia mafuta, kimojawapo katika visiwa vya Azores. New York iliwapokea kwa shangwe. Meya wa jiji, William O'Dwyer, mwenyewe alikuwa mhamiaji, mzaliwa wa Kaunti ya Mayo aliyefika Marekani akiwa kijana na kufanya kazi za mikono kabla ya kupanda cheo. Kuwaona vijana wa nyumbani wakikaribishwa na meya aliyezaliwa nyumbani lilikuwa jambo la fahari kwa watu ambao babu zao walishuka melini wakiwa wamekondeana, wakidharauliwa na wenyeji.

Mchezo wenyewe

Uwanja uliokodiwa uliitwa Polo Grounds. Ulikuwa uwanja wa besiboli, mdogo kuliko Croke Park, na ardhi yake ilikuwa ngumu kama sakafu. Hata kile kichuguu anachosimama mrushaji wa besiboli hakikuondolewa. Jua lilikuwa kali, nao wachezaji walikuwa wamezoea ubaridi na manyunyu ya kwao. Watazamaji waliohesabiwa walikuwa 34,491, pungufu ya waliotazamiwa, lakini miongoni mwao walikuwamo watu waliotengana na kaunti zao kwa miaka 30 na 40.

Kerry walianza kwa kasi kubwa. Eddie Dowling alifunga goli, Batt Garvey akafunga jingine, na kabla Cavan hawajapata pumzi pengo likawa kubwa. Ilionekana kana kwamba Cavan wamesafirishwa mbali kote huko ili washindwe tena mbele ya ndugu zao. Lakini Dowling alianguka vibaya juu ya ardhi ile ngumu akatolewa nje, na Cavan, chini ya nahodha wao John Joe O'Reilly, ambaye alikuwa ofisa wa jeshi, wakajirudi. Joe Stafford akafunga goli. Kisha Mick Higgins akafunga la pili. Tumwangalie huyu Higgins: alizaliwa New York kwa wazazi wa Kiairishi, akarudishwa Cavan mtoto mdogo, na sasa alirudi katika mji wa kuzaliwa kwake akiwa amevaa jezi ya kaunti ya wazee wake. Hadi mapumziko Cavan walikuwa mbele, 2-5 kwa 2-4.

Katika kipindi cha pili aliyeng'aa alikuwa Peter Donohoe wa Cavan, fundi wa mipira ya adhabu. Siku hiyo alipata pointi 8 peke yake, hata magazeti ya New York, yasiyoujua mchezo huu, yakamfananisha na Babe Ruth, bingwa mkuu wa besiboli. Mwisho ulipofika Cavan walikuwa na 2-11 na Kerry 2-7, yaani pointi 17 kwa 13.

Sauti katika giza

Huko Ireland watu wote walitegemea redio. Mtangazaji alikuwa Michael O'Hehir, kijana wa miaka 27. Mchezo ulipangwa kuanza saa tisa na nusu alasiri ya New York, na nyumbani ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Vijiji vingi havikuwa bado na umeme, na redio zilikuwa za betri. Majirani walikusanyika katika nyumba iliyokuwa nayo, wengine ndani na wengine dirishani. Sisi tuliokulia vijijini tukisikiliza redio moja watu hamsini hatuhitaji kuelezwa hali ilivyokuwa.

Njia ya mawasiliano ya kupitishia matangazo ilikuwa imekodiwa mpaka saa kumi na moja jioni tu. Sherehe za ufunguzi zilichukua muda, mchezo ukachelewa, na saa hiyo ilipokaribia mpira ulikuwa bado haujakwisha. O'Hehir akakatisha maelezo yake akaanza kumwomba mtu asiyemjua, yeyote aliyekuwa mahali fulani katika njia hiyo ndefu akiishikilia swichi, amwongezee dakika tano tu. Alirudia ombi hilo mara kwa mara katikati ya kueleza mchezo, na taifa zima lilimsikia akiomba. Njia haikukatwa. Mtu huyo, jina lake halikujulikana, aliwaachia Waairishi dakika zao, na Cavan wakausikia ushindi wao hadi kipenga cha mwisho.

Yapo mambo mawili ya kutazamwa hapa. Waliohama waliuona mchezo kwa macho, na waliobaki wakausikia kwa masikio. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi, taifa lililokatwa vipande na njaa, na bahari, na mpaka, lilikuwa likifuata mpira mmoja.

Kilichobaki

Isidhaniwe kwamba siku ile iliponya jeraha. Katika miaka kumi iliyoanza 1951 watu zaidi ya 400,000 waliihama Jamhuri ya Ireland, kwa sababu kazi zilikuwa haba. Mchezo hauwezi kufanya kazi ya kiwanda wala ya shamba. John Joe O'Reilly aliliinua kombe tena mwaka 1948, akafariki mwaka 1952 akiwa na umri wa miaka 34. Mwaka huo huo wa 1952 Cavan walilitwaa taji mara ya tano, na tangu hapo hawajalipata tena. Uwanja wa Polo Grounds ulibomolewa mwaka 1964, na pale O'Hehir alipoomba dakika tano yakajengwa majumba ya kupanga. Fainali haikuvuka bahari tena. Waliosema kwamba mahali pake ni Croke Park walishinda katika miaka yote iliyofuata, na wala hatuwezi kusema kwamba walikosea.

Hata hivyo, mbegu haikupotea. Mchezo uliendelea kuchezwa New York Jumapili kwa Jumapili katika Gaelic Park, mtaa wa Bronx. Tangu mwaka 1999 New York imekuwa ikiingiza timu katika mashindano ya Jimbo la Connacht, kana kwamba ni kaunti mojawapo ya nyumbani. Ilishindwa mwaka baada ya mwaka bila kukoma. Hatimaye, mwezi Aprili 2023, iliishinda Leitrim kwa mikwaju ya penalti, na miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo vijana waliozaliwa Marekani. Tukumbuke pengo la mwaka 1888. Ng'ambo iliyowameza vijana wa kwanza sasa ilikuwa ikiwarudisha wajukuu uwanjani.

Walimu watakaosoma habari hii na wanafunzi wao wanaweza kuuliza ni nini hasa kinachofanya mchezo kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa. Si kushinda, maana kaunti nyingi za Ireland hazijawahi kushinda. Wala si uzee wa mchezo, maana sheria zake ziliandikwa juzi tu, mwaka 1885. Jibu tunaliona katika kura ile ya mwaka 1947. Watu walikaa barazani wakabishana kwa uchungu juu ya nani mwenye haki ya kuuona, kwa sababu kila mmoja aliuona kuwa wake. Kitu ambacho hakuna anayekigombea kimekwisha kufa, hata kama kimetunzwa katika jumba la makumbusho.

Methali yetu inabaki kuwa ya kweli, kwani ndivyo ilivyo kawaida ya dunia: asiyekuwapo na lake halipo. Lakini kawaida ya dunia si sheria. Watu wa kisiwa kile waliketi, wakahesabu fungu la wasiokuwapo, wakalivusha bahari, wakaenda kuligawa mbele yao kwa haki, na waliobaki nyumbani hawakupungukiwa na kitu.